Daktari mmoja, majina mawili: mdogo wangu anaumwa nini?

Yaya wa Kadutu
Wapendwa, habari za jioni. Mdogo wangu ana miaka 22, anasoma hapa Bukavu. Kabla ya Krismasi alianza kuifunika redio kwa blanketi, eti mtangazaji anamtaja jina na kueleza anachokula. Daktari akaandika saikosisi ya muda mfupi, yaani akili kupoteza mguso na uhalisia kwa muda. Akatulia, akarudi masomoni, lakini haogi, hasemi na mtu, anacheka peke yake. Juzi, miezi minane baadaye, daktari yuleyule kaandika skizofrenia, ugonjwa wa akili wa muda mrefu. Mama anasema anabahatisha. Mjomba anataka tumpeleke chumba cha maombi. Hakuna kipimo cha damu cha kumaliza ubishi?

Muuguzi Mstaafu, Ibanda
Dada, habahatishi. Kilichobadilisha jina ni muda. Dalili zikiisha kabla ya mwezi na mtu akapona kabisa, ni lile jina la kwanza. Ili iitwe skizofrenia, mwongozo wa magonjwa ya akili wa Wamarekani, DSM-5 wa 2013, unataka ugonjwa udumu miezi 6, na ndani yake mwezi mmoja hivi wa dalili kali. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, inayotumika tangu 2022, inatosheka na mwezi mmoja.

Dalili ziwe angalau mbili, na mojawapo iwe kusikia sauti, au kushikilia jambo lisilo kweli hata ukimwonyesha, au maneno kuparaganyika. Kutooga na kujitenga pia huhesabiwa. Nyumbani husemwa ni uvivu, kumbe mimi hunitia wasiwasi kuliko redio.

Damu hupimwa kutafuta visababishi vingine: malaria iliyopanda kichwani, kaswende, VVU. Kifafa na bangi pia huulizwa. Kipimo cha skizofrenia yenyewe hakipo, kwa hiyo msiuze mbuzi kwa ajili ya skana ya ubongo ambayo daktari hajaiomba.

Papa Benja, Lubumbashi
Mimi zamani niliandikiwa "skizofrenia ya paranoya", yaani ya kuhisi watu wananiandama. Daktari mpya kalifuta hilo la paranoya. Nimepona nusu?

Muuguzi Mstaafu, Ibanda
Hapana, Papa, usiache dawa! Vile vijina vimeondolewa katika miongozo yote miwili. Mgonjwa mmoja leo alikuwa paranoya, kesho aina nyingine, na havikusaidia kuchagua dawa. Sasa huandikwa kama ni mara ya kwanza, au unarudirudi, au haujakatika.

Mwana Bagira
Na huyo mjomba, akisema jirani kamroga kijana, naye ni mgonjwa?

Muuguzi Mstaafu, Ibanda
Ha! Basi nusu ya mtaa wangu tungewalaza. Imani ambayo watu wa kwenu wanaishiriki haihesabiwi kuwa dalili. Kijana yuko peke yake na ile redio, hata mjomba haisikii ikimtaja. Waombe, sawa, ila asifungwe kamba, na asifungishwe mfungo wa kuacha dawa.

Yaya wa Kadutu
Asante, Papa Muuguzi. Nimemsomea Mama yote, amenyamaza tu. Na mikono inayotetemeka tangu aanze dawa ya haloperidol, ni ugonjwa?

Muuguzi Mstaafu, Ibanda
Mara nyingi ni dawa. Msipunguze wenyewe. Rudini kwa daktari wiki hii, anyooshe mikono mbele yake. Kuna dawa ya kutuliza huo mtetemo, au atarekebisha kiasi cha dawa. Akikakamaa shingo au macho yakigeukia juu, msingoje miadi, mpelekeni usiku huohuo.