Wagonjwa wa presha kujipima nyumbani na kutuma namba kwa simu: tuanzeje?

Kliniki_Wilayani: Wakuu, tunataka wagonjwa wa presha wapime nyumbani na kutuma namba kwa simu, karatasi zinapotea. Wengi wana kitochi. USSD (menyu za *...# kama za kuangalia salio), SMS au programu? Na namba zao tuziamini kiasi gani?

FundiMifumo: Kwa kitochi ni USSD, na gharama ibebwe na kituo, asiye na salio hatumi. Skrini moja inabeba herufi 182 tu, na mtu akikawia mtandao unamkata. Kwa hiyo uliza vitu vitatu: namba ya juu, ya chini, dalili. Kila kimoja na skrini yake, maana kutafuta alama ya mkwaju (/) kwenye simu ya batani ni adhabu.

Kosa sugu: mashine inaonyesha namba tatu, ya mwisho ikiwa mapigo ya moyo. Mtu anatuma ya kwanza na ya tatu. Bandika stika pembeni ya mstari wa tatu: "HII USITUME". Mfumo ukatae namba ya chini inayolingana na ya juu au kuizidi, kisha umsomee: "Umeandika 148 na 92. 1 Sawa, 2 Rudia." Saa ya kutuma iwekwe na seva (kompyuta ya mfumo), si mgonjwa. Hapo utawaona wanaojaza vipimo vya wiki nzima asubuhi ya kliniki.

Nesi_NCD: Naongezea upande wa kipimo chenyewe. Mkojo utoke kwanza, kahawa na sigara visiwepo nusu saa kabla, akae dakika 5 ameegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Apime mara 2, dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni, siku 7. Siku ya kwanza itupe, zilizobaki piga wastani: 135/85 kwenda juu ni presha ya juu kwa vipimo vya nyumbani. Msitumie 140/90 ya kliniki hapa.

Mkanda wa mashine ukiwa mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba, kwa hiyo pima mzingo wa mkono kabla ya kumkabidhi mashine. Na ukiona karibu kila kipimo kinaishia na 0, huyo anakadiria. Fungua kumbukumbu ya mashine mlinganishe.

Kliniki_Wilayani: Shukrani. Akituma 190/125 Jumamosi usiku?

Nesi_NCD: Hilo liamuliwe kabla ya kununua chochote. Kama hakuna wa zamu anayesoma, mfumo umjibu hapohapo. 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, upande mmoja kulegea au ulimi kuwa mzito: hospitali sasa hivi. Bila dalili: pumzika dakika 5, rudia, ikibaki hapo apigiwe simu, na namba ya zamu aonyeshwe.

FundiMifumo: Simu nyingi ni za familia, kwa hiyo kumbusho liseme "Kipimo cha leo bado", jina la ugonjwa lisitajwe. Weka namba ya siri ya tarakimu 4. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Chukueni ridhaa ya maandishi siku ya kumsajili.