Naomba ushauri: vifaa vya ndani kwa Lexus NX 350h

Assalamu alaykum ndugu zangu. Alhamdulillahi, baada ya kudunduliza miaka mingi nimepata Lexus NX 350h, ile inayotumia petroli na umeme. Viti vyake ni vya ngozi, rangi ya krimu, na hapo ndipo roho inaponiuma.

Jumapili tulikwenda Jambiani. Watoto walitoka baharini wakaingia garini na nguo mbichi. Kesho yake nimekuta mchanga, ule mweupe laini kama unga, umejipenyeza kwenye mishono ya kiti. Nimeuchokonoa kwa mswaki mpaka magharibi na bado haujesha.

Nataka kava za viti, lakini nina hofu mbili. Viti vya mbele vina eabegi za ubavuni, ile mifuko ya hewa inayofunguka gari ikigongwa. Kava ya kubana ikizizuia kufunguka ni hatari. Na betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, ina tundu za kuvuta hewa. Fundi mmoja alinivisha kava ikaning'inia mpaka chini ikaziba tundu, nikaivua palepale. Betri ikikosa hewa inapata moto.

Aliyewahi kushonesha kava hapa Unguja zenye nafasi ya eabegi, anielekeze tafadhali. Chini naona mikeka ya mpira yenye kingo ndiyo sawa, maana zulia kwa unyevu wetu huota ukungu. Na kwenye buti mnaweka nini? Mama hupenda samaki wa Malindi, na maji ya samaki yakishaingia, harufu haitoki.