Roboti ya kupanga magunia ya chumvi inatoa onyo la betri: servisi nianzie wapi?

FundiWaGongoni (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum wadau, na wengine wote habari za saa hizi. Mimi ni fundi wa umeme kwenye kiwanda cha kufungasha chumvi huku Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Tuna roboti moja tu, FANUC, kazi yake ni kupanga magunia ya kilo 50 kwenye paleti. Zamu mbili za saa nane, siku sita kwa wiki. Mkandarasi aliyeifunga alituonyesha kuiwasha na kuizima, akaenda zake. Mwaka wa pili unaelekea kwisha na servisi yake imekuwa kupanguswa tu.

Wiki hii kwenye skrini limetokea onyo SRVO-065 BLAL. Kazi inaendelea kama kawaida, na hapo ndipo mvutano ulipo: meneja anasema kinachofanya kazi hakiguswi, tungoje kiwanda kifungwe Desemba. Mimi roho hainipi. Halafu kuna vumbi la chumvi. Asubuhi ukipitisha kidole kwenye mkono wa roboti unakuta majimaji yanayoteleza, na skrubu za vifuniko zimeshaanza kutu. Wenzangu wa zamu ya mchana wanaacha mlango wa kabati la kontrola, yaani kompyuta inayoiendesha roboti, wazi na kuelekezea feni ya nyumbani ndani, eti ipoe.

Nini kifanywe sasa, nini kinaweza kungoja, na huyu meneja nimwingie vipi?

Kilindini_Umeme

Wa alaykum salaam kaka. Betri haingoji Desemba. BLAL maana yake betri za enkoda, vile vihisi vya mota za viungo, zimeshuka. Betri hizo ndizo zinazotunza kumbukumbu ya kila kiungo kiko wapi wakati stima haipo. Leo huoni tofauti kwa sababu kontrola yenyewe inazilisha enkoda umeme. Ngoja stima ikatike usiku mmoja betri zikiwa zimekwisha: asubuhi utapokewa na SRVO-062 BZAL na roboti haijui mkono wake ulipo. Hapo ni kusawazisha upya kila mhimili, kisha kupitia kila programu kwa mwendo wa polepole uone kama gunia linatua pale pale.

Kitabu kinataka zibadilishwe kila mwaka, modeli nyingine mwaka na nusu. Kwa hiyo mmeshachelewa.

Na angalia hapa, maana watu wengi hukosea: zinabadilishwa umeme UKIWA UMEWASHWA. Ukizima ukazitoa, umejiletea mwenyewe ile hasara unayoikimbia. Bonyeza kitufe cha dharura, pendanti (kile kidude cha mkononi cha kuiendeshea roboti) iwe mkononi mwako wewe, asiwepo mtu mwingine ndani ya uzio, ndipo ufungue kisanduku cha betri.

Mwana_wa_Mambrui

Swali la pembeni. Vijana waliokuwa wakibeba hayo magunia wako wapi siku hizi?

FundiWaGongoni

@Mwana_wa_Mambrui baadhi wako kwenye kushona magunia, wawili ndio waendeshaji wa hiyo roboti. Wengine waliondoka, siwezi kukuficha. Huo ni uzi wa siku nyingine, ndugu yangu.

SpanaMkononi

Kilindini kamaliza upande wa betri. Naongeza kimoja kabla hujagusa chochote: nakili programu zote na data ya usawazishaji kwenye flashi. Nakala mbili, moja ikae ofisini mbali na kabati. Nimeona viwanda vina roboti ya mamilioni na hakuna hata faili moja iliyohifadhiwa. Mkandarasi ndiye alikuwa na nakala, na mkandarasi hapokei simu.

Sasa grisi. Modeli nyingi za FANUC zinataka grisi ya giaboksi ibadilishwe kila miaka 3 au saa 11,520, kitakachotangulia. Hiyo miaka 3 imepigiwa hesabu ya saa 3,840 kwa mwaka. Nyinyi kwa zamu mbili mnakaribia saa 5,000. Basi zamu yenu ya grisi inafika miaka miwili na miezi kama mitatu, minne hivi. Hiyo ndiyo kazi ya kuiwekea Desemba. Agiza mapema aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha modeli yako, usikubali "hii inafanana nayo" ya dukani.

Shela_Mashua

Mimi ni fundi wa injini za boti huku Lamu, roboti sijawahi kuishika ila chumvi naijua. Sisi injini ikitoka baharini inamwagiwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, halafu tunapiga grisi kila mahali, hata pale ambapo haikuombwa. Wewe piga grisi kila mwezi, chumvi haitapata pa kuingilia.

SpanaMkononi

@Shela_Mashua heshima yako mzee wangu, lakini hapa utamwua kijana wa watu. Giaboksi ya roboti imefungwa na sili, ule mpira wa kuziba. Chumvi iko nje, grisi iko ndani, na vumbi la nje halifupishi umri wa grisi ya ndani maadamu sili ni nzima. Ukijaza kupita kiasi, shinikizo linaisukuma sili itoke, na hapo ndipo chumvi inapopata mlango.

Kwa hiyo grisi ikifika wakati wake: fungua kwanza tundu la kutokea, tumia pampu ya mkono wala si ya hewa, sukuma taratibu mpaka itoke mpya. Kisha usifunge. Iendeshe roboti kama dakika 20 tundu likiwa wazi, ile ya ziada ijitoe, ndipo urudishe kizibo. Ile ya zamani ipake kidogo kwenye karatasi nyeupe uimulike. Ikimetameta chembe za chuma, giaboksi inakuambia jambo.

Marereni_QC

Upande wa nje Mzee Shela yuko sawa nusu. Chumvi huanza kuvuta maji hewani unyevu ukifika karibu asilimia 75, na pwani hii usiku unapita hapo bila shida. Ndiyo hayo majimaji yako ya asubuhi. Hapo usifuate ratiba ya kitabu, kitabu hakikuandikiwa Gongoni. Kila mwisho wa zamu: ufagio laini, halafu kitambaa chenye maji baridi kidogo, halafu kikavu. Msimwagie maji ya mpira, na msipulize kwa hewa ya kompresa, inasukuma vumbi kwenye sili na viunganishi vya kebo.

Tangi la kompresa mnalitoa maji? Kama vishikio vya magunia ni vya hewa, kutu ya ndani ya silinda inaanzia hapo. Kila siku, dakika moja.

Na mlango wa kabati ufungwe LEO. Kuna bodi za umeme mle ndani, na hiyo feni yenu inazipulizia chumvi. Kama inapata joto, vichujio au feni zake zimeziba. Safisha hizo.

FundiWaGongoni

Wadau nimewasoma wote, Mungu awalipe. Mlango umefungwa jana, tukakuta kichujio kimeganda kama jiwe. Tumeweka kipya na joto limeshuka lenyewe.

Meneja nilimwonyesha sehemu ya kusawazisha upya, nikamwuliza fundi wa kutoka Nairobi atalipwa kiasi gani na magunia yatapangwa na nani siku hizo. Akakubali Ijumaa hii, kiwanda kikisimama kwa swala, betri zibadilishwe. Grisi ameiandikia Desemba. La mwisho: hizi betri ni nne, saizi D. Naweza kuchukua za duka la mjini Malindi au lazima ziagizwe?

Kilindini_Umeme

Za dukani zinafaa, mradi ziwe alkalaini. Zile za bei ya chini za redio na tochi, ambazo si alkalaini, ziache. Tazama tarehe ya mwisho, zipime kwa mita kabla hujalipa, na ubadilishe zote nne kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu. Andika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kifuniko. Onyo lisipoondoka baada ya hapo, tazama kwanza kama umegeuza mojawapo, kisha kutu kwenye vikamatio.