Nitaitambuaje jelato nzuri Italia kabla sijalipa?

Msafiri wa Septemba:
Ndugu zangu, salaam. Mwezi ujao, Mungu akipenda, mimi na mke wangu tutakuwa Roma, Florence na Bologna kwa siku kumi. Safari iliyopita nilinunua jelato, ile aiskrimu ya Kiitalia, pembeni mwa uwanja mmoja wenye watalii wengi. Nilichagua ya pistashio, zile njugu za kijani, kwa sababu kijani chake kiling'aa kama jani la mgomba baada ya mvua, lakini mdomoni nikakuta sukari tupu, harufu ya lozi ya chupani, na utando wa mafuta uliong'ang'ania kaakaa hata baada ya kunywa maji. Je, kuna dalili ambazo macho yanaweza kuzisoma kabla mfuko haujafunguka? Pia sisi hatutumii kileo, kwa hiyo ningependa kujua ladha za kuepuka.

Mla Polepole:
Ndugu yangu, kijani hicho ndicho kilichokuponza. Pistashio za Bronte, chini ya mlima Etna huko Sicily, ni za kijani kweli zikiwa mbichi, lakini zikikaangwa na kusagwa hadi kuwa uji mzito, rangi yake hufifia na kuelekea hudhurungi. Jelato ya pistashio isiyotiwa rangi hufanana zaidi na zeituni iliyochujuka kuliko na jani. Ya ndizi huwa na weupe wa kijivu, kwa sababu ndizi iliyopondwa haibaki ya njano. Ya limau ni nyeupe. Na ya mnanaa, ikiwa majani yameloweshwa katika maziwa, huwa nyeupe au karibu na hapo.

Baada ya rangi, tazama kimo. Jelato ina hewa kidogo na mafuta kidogo kuliko aiskrimu ya kawaida, nayo huuzwa ikiwa katika takriban nyuzi 12 hadi 14 chini ya sifuri, ilhali aiskrimu huhifadhiwa kwenye nyuzi 18 hivi. Kitu laini namna hiyo hakiwezi kusimama kama kichuguu juu ya ukingo wa chombo, mchana kutwa, chini ya taa, na vipande vya matunda vimechomekwa kileleni, isipokuwa kimejazwa hewa au kimeshikizwa kwa mafuta ya mimea na vigandishi vingi. Binafsi, nikiona vilima hivyo hupita bila hata kusoma bei.

Ukishaingia, anza na fiordilatte, ambayo ni maziwa, krimu na sukari basi. Hakuna kakao wala njugu za kufichia makosa, na mtengenezaji aliyeshindwa hapo sioni atakavyofaulu kwingine.

Mpishi Mstaafu:
Nakubaliana na mwenzangu kuhusu rangi na vilima, ila naomba niongeze tahadhari. Wengi watakuambia utafute pozzetti, yaani vile vyombo virefu vya chuma vilivyozamishwa kwenye kaunta kama visima vidogo na kufunikwa kwa vifuniko. Ni kweli kwamba vinahifadhi jelato vizuri, kwa kuwa mwanga na hewa ya joto haviifikii, lakini kifuniko hakijui kilichomo chini yake, na mchanganyiko wa unga ulionunuliwa ukiwa tayari unaweza kumiminwa humo vilevile. Hata neno artigianale, yaani "ya fundi wa mikono", kwenye kibao cha mlangoni si hati ya ubora. Ninachokiamini mimi ni orodha ya viungo, ambayo duka linapaswa kumwonyesha mteja. Ukiona krimu, maziwa, sukari na unga wa mbegu za karoba, usishtuke. Karoba ni kigandishi cha asili cha siku nyingi. Ukiona mafuta ya nazi yaliyosafishwa na majina ya rangi katika kila ladha, aga kwa heshima.

Tazama pia msimu. Septemba ni wakati wa tini na zabibu, na duka lenye orodha fupi inayobadilika hunipa imani kuliko lenye ladha hamsini zisizobadilika mwaka mzima.

Bi. Safari:
Kuhusu ladha zenye kileo: malaga hutiwa zabibu kavu zilizoloweshwa katika ramu au mvinyo, zabaione kwa kawaida hupikwa na mvinyo wa Marsala, na zuppa inglese hutumia likwa (kileo kitamu) nyekundu iitwayo Alchermes. Ladha za chokoleti nazo wakati mwingine hutiwa ramu, kwa hiyo uliza. Usione haya kuomba mwiko usuuzwe kwanza, kwani mwiko mmoja huweza kuzungushwa kwenye vyombo vyote.

Jambo jingine dogo: katika maduka mengi unalipa kwanza kwa keshia kulingana na ukubwa wa koni au kikombe, kisha unakwenda na risiti kaunta kutaja ladha. Ukikaa mezani, bei inaweza kupanda, basi soma karatasi ya bei kabla ya kuvuta kiti.

Msafiri wa Septemba:
Tumerudi salama, nami nawashukuru nyote. Bologna tulipata duka lenye ladha kumi na mbili tu, na fiordilatte yake iliyeyuka bila kuacha utando wowote. Mke wangu alipoiona ya ndizi, yenye rangi ya majivu, alininong'oneza kwamba imeharibika na tusiwaaibishe wenye duka kwa kusema. Niliiagiza hata hivyo, na sehemu kubwa aliimaliza yeye.