Kuizuru Winnipeg mwezi Januari kabla ya kuamua kuhamia: tuangalie nini hasa?

Mtanga wa Surrey:

Nawasalimu nyote, na wakubwa wangu shikamooni. Mimi na mke wangu tunaishi Surrey, jirani na Vancouver kwenye pwani ya magharibi ya Kanada, pamoja na watoto wetu wawili, na kwa kodi tunayolipa hapa tumekwisha kukata tamaa ya kununua nyumba. Kampuni moja ya usafirishaji imeniahidi kazi ya kupanga safari za malori mjini Winnipeg, jimbo la Manitoba katikati ya Kanada, ambako nyumba ya kawaida hupatikana kwa bei iliyo mbali sana chini ya bei ya huku. Mke wangu, ambaye kama mimi ni mzaliwa wa Tanga na anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, ameweka sharti moja: hatuhami mpaka twende tukakae huko wakati baridi imekolea, tusije tukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Tunafikiria kwenda wiki ya mwisho ya Januari. Je, wakati huo unafaa? Tufikie hotelini au tupange nyumba? Ni mambo gani ambayo mgeni wa siku chache huyapita bila kuyaona? Naomba anayeishi huko anijibu kwa anayoyajua, kwa kuwa maneno ya “mtazoea tu” tumeshayasikia ya kutosha.

Mama wa St. Vital:

Marahaba, mwanangu. Mkeo ameweka sharti la busara, na wakati mliouchagua si mbaya, kwa sababu wastani wa joto la Januari hapa, usiku na mchana ukivijumlisha, ni kama digrii -16, na usiku wa -30 haumshangazi mtu yeyote. Hata hivyo, msiitazame nambari hiyo peke yake. Idara ya hali ya hewa ya Kanada hutangaza pia kipimo kinachounganisha baridi na upepo, na hicho ndicho tunachokisikiliza asubuhi kabla ya kuwavalisha watoto: kikiwa kati ya -28 na -39, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa muda wa dakika 10 hadi 30, na kikifika -40 muda huo hupungua ukawa dakika 5 hadi 10. Aliye ndani ya gari huyasikia hayo kama taarifa ya habari, lakini anayesubiri basi lililochelewa huyapata mwilini.

Kwa sababu hiyo msifikie hoteli ya katikati ya mji. Pale maduka, maofisi na hoteli nyingi zimeunganishwa kwa njia za juu zilizofunikwa, na mtu anaweza kula, kununua na kutembea mchana kutwa bila koti, kisha akarudi Vancouver akisema kwamba baridi ya Winnipeg imetiwa chumvi. Pangeni nyumba ndogo katika mtaa ambao mngeweza kuumudu, halafu muishi kama wakazi. Mkeo atoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi, atembee mpaka kituoni, apande basi hadi mahali penye nyumba ya wazee inayofanana na kazini kwake, na jioni arudi na mifuko ya sokoni mikononi. Nasema yeye, wala si wewe, kwa sababu nimeziona familia nyingi zikihamia hapa kwa kazi ya baba, gari likaenda na baba, na baridi ikabaki ya mama. Ukimzungusha kwa gari la kukodi wiki nzima utakuwa umempa matembezi, na sharti lake halijatimizwa.

Giza lisiwatishe, kwa kuwa miji hii miwili iko karibu katika latitudo moja. Mwishoni mwa Desemba jua letu huchomoza kama saa 2:25 asubuhi na kuzama kama saa 10:30 jioni, na lenu halitofautiani sana na hilo. Tofauti ni kwamba ninyi mna mawingu na mvua, ilhali sisi mara nyingi siku za baridi kali ndizo zenye anga safi na jua linalong'aa juu ya theluji. (Niliwahi kukaa huko kwenu, na mvua ile sitamani hata kuisimulia.)

Fundi wa Mitambo ya Joto:

Ndugu, kwa kuwa sababu yenu kubwa ni nyumba, nizungumzie nyumba. Mkienda kuzitazama Januari, mtaona mengi ambayo mnunuzi wa Julai hayaoni. Tazameni paa: vijiti vikubwa vya barafu vinavyoning'inia kwenye kingo zake mara nyingi ni dalili kwamba joto linatorokea juu ya dari, likiyeyusha theluji ambayo huganda tena ikifika ukingoni. Pitisheni mkono kandokando ya madirisha na milango, na mkiona barafu upande wa ndani wa kioo, ulizeni sababu yake. Ulizeni umri wa mtambo wa joto na lini ulikaguliwa, kisha mzunguke nje mkaone mabomba yake ya hewa na moshi yametokea wapi ukutani, kwa kuwa yakiwa chini sana theluji huweza kuyaziba, na hapo hatari ni gesi ya sumu isiyo na harufu. Kengele ya kuitambua gesi hiyo lazima iwepo.

Kuhusu gharama, muuzaji akikuambia kwamba hulipa kiasi fulani kila mwezi, usiishie hapo. Manitoba Hydro, shirika linaloleta umeme na gesi, lina mpango wa kugawanya malipo ya mwaka mzima kwa mafungu yaliyo sawa, hivyo bili ya Januari huweza kufanana na ya Juni. Omba kuona kiasi cha gesi kilichotumika mwezi hadi mwezi.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo majira ya baridi hulificha, nalo ni maji. Udongo wa Winnipeg ni wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na kuta za vyumba vya chini ya ardhi hupasuka kwa sababu hiyo. Mfereji mkubwa wa kuepusha mafuriko uliokamilika mwaka 1968 huulinda mji dhidi ya mto Red, lakini hauwezi kukusaidia na theluji inayoyeyuka uani kwako. Tazameni nyumba Januari mkipenda, ila msitie saini bila mkaguzi kuingia chumba cha chini, na ikiwezekana mmoja wenu arudi Aprili.

Mkongomani wa Saint-Boniface:

Naomba nimpinge Mama kwa heshima. Januari humdanganya mgeni. Watoto watateleza juu ya mto ulioganda pale The Forks, mito miwili inapokutana katikati ya mji, mtapiga picha, na mkikaa hadi Februari mtaikuta Festival du Voyageur, sherehe ya majira ya baridi ya huku mtaani kwetu. Kila mtu atakuwa na uchangamfu, kwa sababu watu bado wana nguvu. Theluji ya hapa kwa kawaida hutanda kuanzia Novemba na huweza kuendelea hadi Aprili, na kinachomshinda mtu ni urefu wa majira hayo kuliko ukali wake. Kama safari ni moja tu, njooni katikati ya Machi, wakati theluji imekuwa nyeusi, inayeyuka mchana na kuganda usiku, njia za miguu zina utelezi, na watu wamechoka kuizungumzia. Mkiweza kuvumilia kuyatazama hayo, mtaweza kuishi hapa.

Siku ya Ijumaa au Jumapili nendeni mnakosali, mke wako akakae na akina mama, awaulize jinsi wanavyoumaliza mwezi wa Februari. Sisi tunaosema Kifaransa tulivutwa huku kwa sababu ya shule na chuo kikuu cha lugha hiyo, na kwangu wenzangu hao wamekuwa msaada kuliko koti lolote.

Mtanga wa Surrey:

Nawashukuru sana. Mke wangu amesoma majibu ya Mama mara mbili na anayaunga mkono kwa sauti kubwa. Niongeze mawili: mtoto wetu mdogo ana pumu, na sijui kama tununue makoti huku au huko. Pia, je, twende na gari letu?

Muuguzi:

Kaka, hewa baridi na kavu huweza kuibana njia ya hewa ya mwenye pumu, kwa hiyo muoneni daktari wake kabla ya safari ili awaandikie utaratibu wa kufuata. Nje afunikwe pua na mdomo kwa skafu, na dawa yake ya kuvuta ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa kuwa ikipoa sana huenda isipulize sawasawa. Angalieni pia analalaje, maana hewa ya ndani inayopashwa joto mfululizo hukauka mno. Mkisikia kikohozi cha usiku, hilo ni jibu mojawapo mlilolifuata.

Mama wa St. Vital:

Makoti msinunue huko, kwa sababu maduka yenu huuza zaidi yale ya kuzuia mvua. Azimeni kwa siku za kwanza, kisha mnunue hapa. Kwa watoto chagueni glavu zisizotenganisha vidole, na nguo inayogusa mwili isiwe ya pamba, ambayo hushika jasho.

Gari liacheni, mkodi la hapa. Magari mengi ya pwani hayana kipasha injini, kile kinachochomekwa kwenye umeme usiku ili gari liwake asubuhi. Mkihamia, gharama ya kukifunga na ya matairi ya theluji iingie katika hesabu ya nyumba. Manitoba Public Insurance, shirika la umma la bima ya magari, husaidia kwa mkopo wa riba nafuu wa matairi hayo. Na kama hesabu itaruhusu gari moja tu, amueni mkiwa bado hapa ni nani atakayepanda basi, kisha huyo ndiye awe na kauli ya mwisho.