Tondezi ya kupanda juu: naweza kuivuta nyuma ya Toyota IST mpaka Kipushi?

Mkulima wa Kipushi
Jambo kwenu wote. Nimenunua tondezi ya kukata nyasi, ile ya kupanda juu yenye usukani, kwa mzungu mmoja wa mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, anayefunga nyumba arudi kwao. Ni kuukuu, ila ukigusa ufunguo inawaka papo hapo. Shida ni kuifikisha kwangu Kipushi, kilomita kama 30, na nina IST tu. Mdogo wangu anasema tufunge kamba nyuma, yeye akae juu ya tondezi ashike usukani, mimi nivute asubuhi mapema kabla polisi wa rulaji, wale wa barabarani, hawajatoka. Mwenye Kanta, lori dogo, aliniomba dola 50, nikaona ananikamua. Kuna aliyewahi kuvuta hivyo? Mvua ya mwezi wa 11 imeanza, nyasi zimefika magotini.

Fundi Katuba
Kabla ya kamba, niambie: inaenda kwa pedali bila kubadilisha vitesi (gia), ao ina levi ya 1, 2, 3?

Mkulima wa Kipushi
Pedali. Ukikanyaga mbele inaenda, ukikanyaga nyuma inarudi.

Fundi Katuba
Basi hiyo ni idrostatiki, magurudumu yanasukumwa na mafuta ya bwati (sanduku la gia), si esansi. Usiivute. Ndani ya bwati mna pampu inayozungushwa na mota kwa mkanda, ndiyo inasukuma mafuta yazungushe ekseli. Mota ikizimwa halafu ukavuta, kazi inageuka: magurudumu ndiyo yanasukuma mafuta, na pampu imelala, hakuna mapya yanayoingia. Yanachemka, vyuma vinasagana. Nyuma karibu na ekseli utaona kalevi ka kuvuta. Kanafungulia mafuta njia ya pembeni ili muisukume kwa mikono. Kwa mikono, nimesema, toka garaji mpaka kwenye geti, mwendo wa mtu anayetembea. Kwa mwendo huo Kipushi ni saa sita njiani.
Mwaka jana nilifungua bwati ya mtu aliyeikokota toka Kasapa mpaka mjini tu. Mafuta yalitoka kama tope jeusi lenye unga wa chuma. Bei ya bwati nyingine ilimshinda, sasa kuku wanalala juu ya tondezi.

Mtoto wa Kamalondo
Fundi anatisha watu. Yangu ya levi niliiweka pwemo, bila gia, nikavuta, haikupata kitu.

Fundi Katuba
Ulivuta kilomita ngapi?

Mtoto wa Kamalondo
Toka kwa jirani 😄

Mama Maua
Hata hiyo ya levi, angalieni magurudumu. La mbele lina kimo cha sentimita 38 hivi. Ukienda 40 kwa saa linazunguka zaidi ya mara 550 kila dakika, na mara nyingi katikati hakuna hata rulema (beringi), ni kibomba cha plastiki na grisi kidogo. Pine zenyewe ni laini, za kukanyaga nyasi. Halafu kamba, Papa! Wewe ukifunga breki, tondezi haijui, inakuja kukupanda, na mdogo wako yuko juu yake na tanki la esansi, bila taa, malori nyuma. Mwambie huyo mdogo wako aje kwanza kwangu nimpe chai.

Papa Remoki
Mimi nabeba tondezi yangu, ya kilo 220 hivi, kwa remoki, kile kitela cha kuvutwa na gari. Lakini kwa IST angalia kwanza: kile kipete cha chini nyuma, kwenye magari mengi madogo ya Japani, ni cha kufungia gari ndani ya meli. Si cha kuvutia mzigo. Remoki inataka ndoano iliyofungwa barabara kwenye mwili wa gari, na kitabu cha gari kiwe kimeruhusu. Kama huna, rudi kwa Kanta, jadiliana.
Ikishapanda: breki ya mkono, visu chini, funga esansi, toa waya hasi wa batri. Sangili nne, ile mikanda ya kufungia mzigo, kwenye chuma cha shasi, usifunge kwenye usukani. Na kofia ya mota uipitishie kamba, upepo huing'oa. Kwenye remoki uzito uegemee mbele ya ekseli kidogo, kama sehemu moja ya kumi ikandamize ndoano, la sivyo mkia unacheza.

Mkulima wa Kipushi
Ndugu, imefika. Nilingoja Kanta iliyokuwa inarudi Kipushi tupu, dola 30. Mbao zilikuwa zinateleza, dereva akarudisha gari kinyumenyume mpaka kwenye kichuguu cha udongo, kitanda kikawa sawa na ardhi, tondezi ikaingia yenyewe. Kushusha usiku tulivuta ile levi ya nyuma, tukaisukuma.
Asubuhi nawasha, mota inanguruma, nakanyaga pedali: haisogei hata kidole. Nikasema bwati imekufa juu ya Kanta. Karibu nilie. Mdogo wangu akaenda nyuma, akairudisha levi mahali pake.

Fundi Katuba
😂 Kila mwenye tondezi ananipigia simu kwa sababu ya levi hiyo. Sasa nyasi za magotini usizikate mara moja. Inua visu mpaka juu kabisa, pita, ngoja siku mbili tatu, ndipo ushushe.

Mama Maua
Na chai ya mdogo wako bado iko.