Nani yuko macho? Mikono inawaka

*Kikundi: WAJUKUU WA BIBI 🌶 (jina limebadilishwa na Issa leo usiku)*

20:47

Neema: Jamani nani yuko macho? Mikono inawaka

Neema: inawaka kwelikweli, sitanii

Issa: Umemwagikiwa na nini dada? Mafuta?

Neema: Pilipili. Nimekata pilipili mbuzi bakuli zima, mikono mitupu, tangu saa kumi na moja. Wakati nakata sikusikia kitu kabisa. Nikanawa, nikakaa, nikaanza kukunja nguo, ndipo moto ukaja

Mjomba Rajabu: Pilipili haiunguzi mtu. Nawa ukalale.

Neema: Shikamoo Mjomba. Nimenawa mara sita

Mjomba Rajabu: Marahaba. Nawa ya saba.

Shangazi Mwajuma: Pole mwanangu. Tumia maji ya moto moto hivi, yafungue vinyweleo itoke yote

Neema: Shangazi hayo ndiyo niliyoanza nayo. Nilirusha beseni

Shangazi Mwajuma: Basi dawa ya meno. Inapoza ile

Issa: Siki! Kuna mtu aliniambia siki

Shangazi Mwajuma: Au chumvi umsugue

Issa: Shangazi anamsugua mtu au anasugua sufuria 😂

Neema: Msicheke. Kidole gumba cha kulia kinapiga kama kina moyo wake

Salma: Subirini kwanza. Ndiyo natoka zamu, nimefungua simu nakuta watu wanataka kumtia dada yangu chumvi. Neema, usisugue na chochote. Ngozi ina malengelenge? Imevimba?

Neema: Hapana. Ukiitazama haina kitu. Nyekundu kidogo tu kwenye ncha. Ndiyo maana hata mimi naona kama najidekeza

Salma: Hujidekezi. Sikiliza. Kinachowasha kwenye pilipili kinaitwa kapsaisini, na tabia yake ni ya mafuta. Maji hayakishiki. Ukinawa maji matupu unakitembeza tu, kutoka kidole hadi kiganja. Sasa umekitembeza mara sita

Issa: Saba, Mjomba alitoa amri

Salma: Fanya hivi. Mimina mafuta ya kupikia kwenye bakuli, yoyote uliyonayo, ya baridi lakini, usiyapashe. Jipake mikono yote mpaka chini ya kucha, jisugue taratibu dakika mbili tatu. Futa na karatasi laini, itupe, usiirudie. Halafu sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, USIONGEZE MAJI KWANZA. Paka sabuni juu ya mikono ile ile yenye mafuta, sugua, ndipo usuuze kwa maji ya baridi. Rudia mara mbili au tatu

Neema: Kwa nini sabuni bila maji?

Salma: Iyakamate mafuta kwanza. Si unajua sufuria lenye mafuta ukilimwagia maji kabla ya sabuni linavyokuwa

Neema: Eee. Yanatanda pembeni yote

Salma: Basi mikono yako sasa hivi ndiyo hilo sufuria

Mjomba Rajabu: Salma, na ule moto wa maji ya moto ulitoka wapi? Maana kama haijaungua, haijaungua.

Salma: Swali zuri Mjomba. Haijaungua kweli, nyama iko salama. Ila kwenye ncha za mishipa ya fahamu kuna kipokezi ambacho kazi yake ni kuuambia ubongo "hapa pana moto". Chenyewe hushtuka joto likifika karibu nyuzi 43. Kapsaisini ikikikalia kinashtuka hata kama hakuna moto wowote. Sasa kipokezi kimeshashtushwa halafu unakiongezea maji ya moto ya kweli

Mjomba Rajabu: Kengele ya mwizi inalia na mwizi hayupo.

Salma: Na Shangazi akamleta mwizi 😅 Nisamehe Shangazi

Shangazi Mwajuma: Nimekusamehe kwa kuwa umesoma

Salma: Kuna profesa wa Marekani, David Julius, aliyekitambua kipokezi hicho mwaka 1997, na alikitafuta kwa kutumia hiyo hiyo kapsaisini. Mwaka 2021 akapata tuzo ya Nobel, pamoja na mwenzake Ardem Patapoutian aliyechunguza mambo ya mguso

Mjomba Rajabu: Nobel kwa pilipili. Na mimi nimekula miaka yote hii bila hata cheti.

21:09

Issa: Neema?

Issa: Dada uko hai?

Neema: huyu ni tumu naandika mimi mama ameweka mikono kwenye bakuli la mafuta

Neema: anasema tena mkono wa kushoto uko kwenye mafuta wa kulia uko kwenye maji ya baridi anataka kuona upi unashinda

Issa: Mama yako anaungua anafanya utafiti 😂😂

Neema: anasema mjomba issa nyamaza

Salma: Tumu mwanangu, hongera kwa kumsaidia mama. Mwambie asigusane na uso, macho, pua, wala asimshike mdogo wako mpaka nimwambie

Neema: nimemwambia

Neema: *ujumbe wa sauti, 0:52 (umetumwa mbele kutoka kwa Bibi)*

Shangazi Mwajuma: Mimi niko kwenye gari sisikii, mtu aandike Bibi kasema nini

Issa: Bibi anasema hivi: "Mwambieni huyo mtoto sisi tulikuwa tunajipaka mafuta mikononi KABLA ya kukata, siyo baada. Na pilipili haikatwi na mtu mwenye haraka. Na maziwa yako wapi, achovye kwenye maziwa." Halafu kuna kuku anawika muda mrefu

Salma: Shikamoo Bibi. Hilo la mafuta kabla ni kweli kabisa, yanakaa juu ya ngozi kama shuka, ukija kunawa yanaondoka nayo. Maziwa nayo yanasaidia, yana mafuta na yana ile protini inayoikamata kapsaisini. Ndiyo maana mdomo ukiwaka maziwa yanatuliza kuliko maji. Kwa mkono lakini mafuta na sabuni ndivyo vitakavyoitoa

Neema: shangazi salma jicho langu linawasha

Issa: ???

Salma: Jicho la nani? Lako Tumu?

Neema: ndio la kushoto linatoa machozi

Issa: SIMU. Neema ameandika kwa vidole vile tangu saa tatu kasoro, halafu mtoto ameishika

Salma: Tumu weka simu chini. Usiliguse jicho tena. Neema, kama mkono wa kushoto umeshausabuni fungua bomba, maji ya kawaida safi, ainamishe kichwa upande wa jicho bovu lielekee chini ili maji yasimwagikie lile jicho la pili lililo salama. Yatiririke taratibu, apepese, dakika kumi na tano. Hesabu kwa saa, dakika kumi na tano za kulia zinaonekana nyingi. Yeye naye asabuniwe mikono kwanza. Napiga simu, weka spika, USIIWEKE SIKIONI

Shangazi Mwajuma: Mtieni maziwa jichoni jamani

Salma: Hapana Shangazi. Jichoni ni maji safi peke yake. Maziwa yana vijidudu vyake, mafuta ndiyo kabisa hayaingii jichoni

Baba Tumu: Nimeona sasa hivi. Niko njiani dakika ishirini. Niwapeleke hospitali?

Salma: Tusubiri tuoshe. Likikataa kufunguka, au akiona ukungu, au maumivu yasipungue baada ya kuosha, mpeleke bila kuuliza mtu

Mjomba Rajabu: Mjukuu wangu yukoje?

Mjomba Rajabu: Hata neno moja tu.

21:34

Salma: Nimetoka kwenye simu nao. Amefungua jicho, anaona vizuri, wekundu unapungua. Analia kwa kuwa fulana imelowa

Mjomba Rajabu: Alhamdulillah. Mnunulieni fulana kumi.

Issa: Shukrani Salma. Bahati hana lenzi za macho kama mimi

Salma: Nawe uzingatie. Lenzi ikishaingia kapsaisini hata uioshe vipi inabaki nayo. Ni kuitupa. Ndiyo maana siku ya kukata pilipili vaa miwani yako

22:05

Neema: Nimerudi. Ni mimi mwenyewe. Simu tumeizima, Baba Tumu kaifuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo mbele na nyuma, na kasha tumeliosha kwa sabuni. Pole zenu zote nimezisoma. Moyo bado haujatulia, lakini Tumu amelala

Shangazi Mwajuma: Pole mama. Na mikono?

Neema: Sasa nawapa matokeo ya utafiti maana Issa alicheka. Mkono wa kulia kwenye maji ya baridi ulitulia PALE PALE, raha kama umezima taa. Nikiutoa tu, nahesabu, sijafika thelathini, unawaka tena vile vile. Wa kushoto kwenye mafuta haukunipa raha yoyote mwanzoni, nikaanza kumsema Salma moyoni. Ila nilipoutoa baada ya robo saa nikaufuta na kuupiga sabuni, haukurudi kuwaka kama wa kwanza. Sasa hivi wa kushoto naweza kushika kikombe. Wa kulia bado

Salma: Umepata walichopata madaktari. Walishajaribu kwa watu waliojitolea, mkono wa maji na mkono wa mafuta. Maji yalituliza upesi, mafuta yalituliza kwa muda mrefu zaidi, na wao waliloweka saa nzima. Kwa hiyo mkono wa kulia nao uende kwenye mafuta, ukitoka huko, sabuni, ndipo maji ya baridi kwa raha yako. Barafu ukitumia ifunge kwenye kitambaa, usiishike wazi, usije ukaongeza tatizo la pili

Neema: Sawa dokta

Salma: Nesi. Dokta analipwa zaidi

Issa: 😂

Neema: Kitu kimoja sielewi. Chini ya kucha ndiko kunawaka kuliko kote, hasa vidole gumba. Na mbegu nilizitoa kwa uangalifu ili isiwe kali!

Salma: Ulizitoaje?

Neema: Napasua katikati, naingiza kucha ya kidole gumba, nakwangua ule utando mweupe na mbegu zake, navuta, natupa

Salma: Ndiyo hivyo. Ukali wa pilipili hauko kwenye mbegu, mbegu zinasingiziwa. Uko kwenye ule utando mweupe unaozishikilia. Umeukwangua kwa kucha pilipili ngapi?

Neema: Nilifika arobaini nikaacha kuhesabu

Mjomba Rajabu: Mara arobaini umejichoma sindano mwenyewe.

Salma: Chukua mswaki wa zamani, laini, chovya mafuta, pitisha chini ya kucha, kisha sabuni kwa mswaki huo huo. Taratibu. Kisha utupe mswaki. UUTUPE, usiurudishe kwenye kikombe cha miswaki

Baba Tumu: Nimeuchukua mimi nauvunja kabisa

Issa: Kisu na ubao wa kukatia je?

Neema: Mungu wangu. Viko kwenye karo

Salma: Mafuta kidogo, sabuni, maji. Na ukivishika uwe na glavu. Za naitrili kama zipo, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani. Zile nyembamba za mpira wa asili kwa kazi ndefu kapsaisini hupenya. Hata mfuko wa plastiki safi uliofunga kifundoni kwa leo unatosha

Shangazi Mwajuma: Sasa mimi nauliza. Ile dawa ya kuchua niliyopewa ya magoti imeandikwa ina pilipili. Ndiyo hiyo hiyo?

Salma: Hiyo hiyo Shangazi, ila kidogo sana. Ukipaka mara kwa mara mishipa inazoea, inachoka kupeleka habari za maumivu. Ndiyo maana siku za kwanza inawaka halafu inatulia. Unanawa mikono baada ya kupaka?

Shangazi Mwajuma: Ndiyo maana

Shangazi Mwajuma: Ndiyo maana wiki iliyopita nilidhani nina ugonjwa wa macho

Issa: 😂😂😂 Shangazi!

Shangazi Mwajuma: Nilikwenda mpaka kupima miwani

23:41

Neema: Wa kulia nao umekubali. Umebaki ule wa mbali, kama mtu aliyekaa juani mchana. Nalala nimeweka kitambaa chenye maji baridi kando

Salma: Kunaweza kubaki hivyo mpaka kesho. Asubuhi ukioga, maji ya baridi. Nakusihi

06:18

Neema: Nimesahau nikaoga ya moto

Salma: Neema.

Neema: Dakika mbili tu. Vidole gumba vimeamka kama vimesikia jina lao. Nimerudi kwenye mafuta, imepoa. Tumu mzima, jicho jeupe, anataka aende shule akasimulie

Bibi: *ujumbe wa sauti, 0:09*

Issa: Bibi anasema "Nilisema mtu mwenye haraka."

Mjomba Rajabu: Na hiyo pilipili yenyewe iko wapi baada ya mateso yote?

Neema: Nimeisaga Mjomba, iko kwenye friji. Chupa tatu

Mjomba Rajabu: Niwekee moja.

Mjomba Rajabu: Ila uioshe kwa nje. Na sabuni.